Sikumbuki

Boulder, Kolorado
9 Machi

Shemeji Wendell,

Nimefika salama, ingawa ndege ilizunguka juu ya Denver kwa sababu ya theluji mpaka abiria wakaanza kusali. Mwambie mkeo Patrice zile keki zake za kaa zimeniharibia ulimi. Tangu nirudi, kila ninachokula naona kama karatasi.

Sasa niambie ukweli: niliropoka? Nilipomwona Jenerali Ostrander anapiga miayo mezani kwako kabla sahani za saladi hazijaondolewa, nilishikwa na hofu. Meza nzima ya wakubwa, wa serikali, wa jeshi, na wale mabwana wa viwanda wenye suti zinazong'aa, kila mmoja anatamka "kwantamu" kama anayetaja jina la mtakatifu, na mimi ndiye pekee pale mwenye mashine inayofanya kazi. Ilibidi niseme kitu. Ndiyo maana nikatoa kisa cha mhandisi wangu Shulin: alivyokwenda kwao Lanzhou kumwona mama yake mgonjwa, rafiki yake wa zamani akamwomba apite chuoni awasalimie wanafunzi, naye akawafundisha asubuhi nzima jinsi ya kupoza atomu kwa leza, akalipwa katoni ya matunda makavu ya aprikoti. Jenerali alicheka hadi akafuta macho. Nilitaka aone kwamba mtu wangu anagombaniwa duniani, na bado anakuja kwangu kazini kwa baiskeli.

Najua umejitoa kwenye kamati ya mkataba wetu kwa sababu ya undugu. Lakini ukisikia lolote, hata kikohozi, nikonyeze. Nyambizi zikiikubali mashine yetu, Kasa wetu, azionyeshe njia chini ya bahari bila kuuliza setilaiti, tumepona. Zikimkataa, atabaki kuwa pambo la maabara.

Emmett angefurahi kuniona nimekaa pale. Au angenikanyaga mguu chini ya meza ninyamaze. Ndugu yako unamjua.

Corinne


Annapolis, Merilandi
21 Machi

Shemeji,

Hukuropoka. Ulikuwa wewe tu. Patrice anasema urudi mwezi wa sita, kaa watakuwa wamenona.

Umefanya vizuri kuandika kwa mkono. Simu na barua pepe zangu za ofisini zina masikio mengi, na hata tukiongea habari za hali ya hewa mtu atasema kaka wa marehemu anampigia debe mjane. Tuendelee hivi hivi.

Kuhusu mkataba sijui kitu. Nikijua sitakuambia, na nikikuambia usiniamini.

Jambo dogo, udadisi wangu tu. Huyo Shulin alikwenda Lanzhou lini? Na huyo rafiki yake anafundisha chuo gani? Nadhani alikuarifu kabla ya kutoa hilo somo, maana kwa miradi kama yenu kuna taarifa inayotakiwa kuletwa kwetu serikalini. Usihangaike. Ni mzee anayependa kupanga vitu kichwani.

Wendell


Boulder
30 Machi

Shemeji mpenda mpangilio,

Alikwenda Oktoba. Jina la chuo sikulishika, yeye mwenyewe hulitamka kwa kasi. Na ndiyo, aliniambia kabla. Alinikuta mlangoni mwa chumba cha leza, nimeshavaa helmeti ya baiskeli, nimechelewa kikao cha benki. Akasema, "Bosi, wamenialika niongee na wanafunzi. Mambo ya vitabuni tu, Kasa hayumo. Kuna tatizo?" Nikamwambia, "Nenda, nenda, wasalimie."

Hiyo taarifa ilikuwa juu yangu kuipeleka. Sikuipeleka. Kikao cha benki kilinimeza. Nichape viboko tukionana.

Kwa nini unauliza lakini? Umeniacha na kijiwasiwasi.

Corinne


Longmont
2 Mei

Bosi Corinne,

Nakuandikia kwa karatasi kwa sababu wakili amenikataza barua pepe, na mlinzi aliyechukua kadi yangu ya mlangoni alisema nisipige simu kazini. Aliona haya kusema hivyo. Tumekuwa tukiongea habari za besiboli kila asubuhi.

Jumanne wapelelezi wa serikali walikuja nyumbani. Walikuwa na adabu, walivua hata viatu. Wamechukua kompyuta zote, na kikokotoo cha binti yetu Tianyi. Mke wangu aliwauliza kama wanataka na chombo cha kupikia wali. Mmoja wao alikitazama kwa muda mrefu kidogo.

Wananiuliza jambo moja kwa njia nyingi: kabla ya kwenda kuwafundisha wale wanafunzi, nilimwambia mtu yeyote? Nimewaambia nilikuambia wewe. Wamesema watakuja kukuuliza. Kwa hiyo nimetulia. Ukishawaambia, haya yatakwisha.

Mwambie atakayeshika zamu yangu kwamba leza ya pili ikianza kuyumba asiiguse, aache chumba kipoe kwanza. Kasa hapendi kuharakishwa.

Samahani kwa usumbufu huu wote.

Gao Shulin


Boulder
11 Mei

Wendell,

Nimefanya jambo, na sina mwingine wa kumwambia.

Walikuja wawili, mwanamume na mwanamke. Wakili wa kampuni alinivuta pembeni kabla hatujaingia. Akasema, "Ukisema alikuambia, kosa ni lako wewe, na mkataba unakufa leo. Ukisema hakukuambia, umedanganya. Kuna neno la tatu. Unalijua."

Mwanamke akaniuliza: "Daktari Gao alikuarifu kabla ya kutoa mhadhara?"

Nikatazama meza. Nikasema, "Sikumbuki."

"Hukumbuki kabisa?"

"Nina wafanyakazi themanini. Watu wananisimamisha mlangoni siku nzima. Sikumbuki."

Akaandika. Kisha akanishukuru. Akanishukuru, Wendell!

Mkataba umetiwa saini Ijumaa. Watu walikunywa bia jikoni, mtu akamvika Kasa kofia ya sherehe. Wakaanza kuimba. Nilijifungia chooni mpaka kelele zikaisha, na nilipotoka walidhani nimelia kwa furaha, wakanikumbatia mmoja mmoja.

Aliyepeleka habari za Shulin ni Ostrander tu. Alicheka mezani kwako huku anapima kila neno. Na mimi nikamwona mzee mchangamfu! Nikikutana naye sijui nitamfanya nini.

Corinne


Annapolis
20 Mei

Shemeji,

Pumua kwanza. "Sikumbuki" si uongo. Ulijibu kama mtu mwenye watu themanini mgongoni, kila mmoja na nyumba na watoto. Shulin ni fundi wa hali ya juu. Hakuna ushahidi kwamba amefanya baya. Watamchunguza, watachoka, watamwacha, naye atapata kazi kwingine.

Usimwandikie zaidi ya maneno atakayokuandalia wakili. Usimwendee nyumbani.

Na Ostrander mwache. Watu wa cheo chake wana taratibu zao, na kumkabili hakutamsaidia yeyote.

Patrice anakusalimu. Anauliza mbona hujasema kama utakuja mwezi wa sita.

Wendell


Boulder
28 Mei

Dkt. Gao Shulin,

Kufuatia kuondolewa kwa kibali chako cha kushiriki katika miradi ya ulinzi, kampuni inasikitika kukuarifu kwamba ajira yako imekoma. Vitu vyako binafsi vitaletwa nyumbani kwako kwa gari. Tafadhali usiwasiliane na wafanyakazi kuhusu shughuli za kampuni. Tunakutakia kila la heri.

C. Rademacher
Mkurugenzi Mkuu

Shulin, samahani.


Longmont
14 Julai

Bi Rademacher,

Mimi ni Wenqian, mke wa Shulin. Tumeonana mara nyingi kwenye sherehe zenu za Krismasi. Wewe huniita Wendy. Miaka tisa nimekuacha uniite hivyo, leo sitaki tena.

Mume wangu hajui kwamba naandika. Angenizuia.

Unataka kujua yuko wapi? Yuko dukani kwa binamu yangu, anauza vigae vya sakafu. Wateja wanampenda, anawapimia vyumba vyao mpaka unywele wa mwisho. Akirudi anakaa gereji, gari tumeliuza, pana nafasi. Hajashitakiwa kwa lolote, na hajaambiwa kwamba yuko huru. Mama yake alifariki mwezi uliopita. Wakili alisema akitoka nchini huenda asirudi, basi alimzika kwa simu. Dada yake aliishika simu juu ya kaburi, upepo ukawa unavuma, hatukusikia kitu. Yeye hakukata. Alisimama pale jikoni na suti yake mpaka upepo ukaisha.

Sasa sikiliza hili, maana ndilo lililonifanya nishike kalamu. Anakutetea. Nikikutukana, ananinyamazisha. Anasema, "Corinne amesahau kweli. Ana mambo mengi kichwani, wala hakuwa ananisikiliza vizuri siku ile." Hata Tianyi anamwambia hivyo.

Ulisahau? Mimi sikuulizi kwa niaba ya serikali.

Wenqian


Boulder
6 Agosti

Wendell,

Jana nilikuwa Kolorado Springs kwenye ule mkutano wa viongozi. Ukumbi umejaa nyota za mabegani na tai za bei mbaya. Wamenipandisha jukwaani nieleze "ushirikiano wa mfano kati ya jeshi na viwanda". Nikaeleza. Wakapiga makofi. Mfukoni nilikuwa na barua ya mke wa Shulin, ninatembea nayo tangu Julai, sijaijibu.

Wakati wa kahawa nikamwona Ostrander peke yake kwenye meza ya vitumbua. Nikamwendea moja kwa moja.

"Jenerali, ulifurahi sana kisa cha mhandisi wangu kule Annapolis. Natumaini na ripoti uliiandika kwa furaha hiyo hiyo."

Akameza alichokuwa nacho mdomoni. "Ripoti gani, mama?"

"Usinifanye mtoto."

"Mama, mimi nina sukari na nina miaka sitini na minne. Baada ya saladi nilikuwa nusu usingizini. Nilicheka kwa sababu kila mtu alikuwa anacheka." Kisha akanitazama vizuri, sura ikambadilika, akawa kama mtu aliyefungua mlango usio wake. "Ile taarifa ilipitia mezani kwangu, ndiyo. Lakini haikutoka kwangu. Hujui ilikotoka?"

"Sijui."

"Basi muulize shemeji yako," akasema taratibu, akaniwekea kitumbua kwenye sahani, akaondoka.

Nakuuliza, Wendell.

Corinne


Annapolis
15 Agosti

Corinne,

Ndiyo. Ni mimi.

Taarifa ile niliianza Jumatatu baada ya chakula kile. Mezani palikuwa na watu wengine watano wenye sharti kama langu: ukisikia jambo la namna ile, unalitolea taarifa. Kama mmoja wao angetangulia, swali la kwanza lingekuwa kwa nini shemeji mtu amekaa kimya. Ningeondoka mimi, na mkataba wako ungeondoka nami. Nilijiambia nikiandika mimi, nitaandika kwa upole kuliko wao.

Ndiyo maana nilikuuliza yale maswali. Ulipojibu niliweka majibu yako yote isipokuwa moja, lile la mlangoni. Niliandika kwamba alitoa mhadhara "bila taarifa kupokelewa". Kila neno hapo ni kweli. Nililipanga hivyo ili usiguswe. Ilibidi mmoja wenu aumie, nikakuchagua wewe usiumie. Yeye nilikuwa simjui. Sijawahi hata kumwona sura.

Uliposema ni Ostrander, nilikuwa na nafasi ya kukusahihisha. Niliandika ile barua mara tatu. Ukaipata ile iliyokuwa rahisi kwangu.

Nakuomba sasa, usiende kubadilisha maelezo yako. Watakuuliza ni nani mwingine aliyejua, na hapo tutakwenda wote wawili. Shulin hatarudishiwa miezi hii. Patrice hajui lolote. Nimebakiza mwaka mmoja nistaafu.

Emmett aliniomba hospitalini nikuangalie. Nilidhani ndicho ninachokifanya.

Wendell


Boulder
12 Septemba

Wendell,

Nimekwenda.

Alinipokea mwanamke yule yule. Wakili wa kampuni alikataa kuja, nikaenda peke yangu. Nikamwambia, "Mwezi wa tano nilisema sikumbuki. Nakumbuka. Aliniomba ruhusa, nikampa, na taarifa sikuileta."

Akaniuliza, "Kwa nini leo?"

Njia nzima nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanitoka kichwani. Nikasema, "Mke wake ameniandikia kwamba mumewe ananitetea."

Akaweka kalamu chini. "Unaelewa hili litakufanya nini?"

"Naelewa kidogo."

"Utaelewa zaidi," akasema, akaichukua tena kalamu.

Ameshanielewesha. Mkataba umesimamishwa, bodi imenitoa, na kesi ya kutoa maelezo ya uongo iko njiani. Wafanyakazi thelathini wamepunguzwa, na hawa nao hawakuwa na kosa. Nilipokuwa nabeba maboksi yangu, mmoja wao, mama wa mapacha, aliyenikumbatia siku ile ya bia, alinipita kwenye maegesho. Nilimsalimia. Aliendelea kutafuta funguo zake. Nilitaka kusafisha roho yangu, na maji machafu nimewamwagia wao.

Yule mpelelezi aliniuliza pia kama kuna mtu mwingine aliyejua. Nikamwambia hilo akamuulize mwenyewe, na jina sikulitaja. Alitabasamu kidogo. Sehemu yako nimekuachia uiseme kwa mdomo wako. Sikufanya hivyo kwa kukulinda. Nimeona kinachotokea tukilindana.

Corinne


Annapolis
25 Septemba

Corinne,

Asante kwa kuniacha nje.

Kila asubuhi naingia kwenye lifti nikiwa nimeamua, na ikifika ghorofa yangu nakuta sijaamua. Hakuna aliyekuja kuniuliza. Nadhani hawataki kuniuliza. Patrice anaona sili, anadhani ni tumbo.

Naomba tusiandikiane kwa sasa.

W.


Boulder
9 Oktoba

Shulin,

Barua hii nilitakiwa kuiandika mwezi wa tano. Mke wako aliniuliza swali Julai, na nyinyi wawili mnastahili jibu moja: sikusahau. Nilikumbuka kila kitu wakati ule ule nilipokuwa nasema sikumbuki. Nilikuwa nakitazama kichwani huku nasema.

Kisa chako nilikitoa mimi mezani, nikitaka kuchekesha wakubwa. Aliyekipeleka mbele ni mtu wangu wa karibu, na yeye hakukujua. Mimi nilikujua.

Nimewaambia ukweli sasa. Sidai chochote kwa hilo. Kuhusu mama yako, kila ninaloandika nalifuta.

Naomba nije Longmont nikuombe radhi mbele ya familia yako. Na nina swali, usilijibu ukipenda: wewe uliamini kweli kwamba nimesahau?

Corinne


Sherbrooke, Kwebeki
18 Novemba

Corinne,

Barua yako ilitufuata huku, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Tumehama nchi. Serikali iliniandikia mistari miwili kwamba uchunguzi umefungwa, na chuo cha hapa kilikuwa kinatafuta mwalimu. Maabara ni ndogo kuliko jiko lenu la ofisini. Wanafunzi wananisahihisha Kifaransa changu kwa furaha kubwa mno.

Usije. Wenqian hajawa tayari kukufungulia mlango, na mimi sitaki kusimama nyuma yake nikimtazama asivyofungua.

Umeuliza, nitakujibu. Nilijua. Wakili aliponisomea jibu lako, nilijua hapo hapo. Miaka tisa umekuwa ukinikumbusha tarakimu nilizokosea mimi mwenyewe, za majaribio ya miaka iliyopita. Wewe si mtu wa kusahau vitu. Nilikaa kituo cha basi nje ya ofisi yake mpaka nikapata la kusema nyumbani. Tianyi alikuwa ameshaandika kwenye maombi yake ya chuo kwamba anataka kuwa mhandisi, na akakutaja wewe. Nilifikiri nikisema ukweli atalifuta jina lako, na sikujua ataweka nini mahali pake. Basi nikawaambia umesahau. Nami nilidanganya, unaona.

Sasa amejua. Wenqian alimsomea barua yako kabla sijarudi kutoka kazini. Baada ya chakula cha jioni akaniuliza, "Baba, ingekuwa wewe, ungesema?" Nikajibu ndiyo, haraka sana. Akanitazama jinsi anavyomtazama mwalimu aliyeruka hatua ubaoni.

Nakuandikia kwa sababu ya kilichotokea baada ya hapo. Nina wanafunzi wanne chini yangu. Mmoja ametoka Tehran, anaitwa Golnaz, ni bora kuliko wengine wote, na kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Wiki iliyopita mkuu wa idara alinisimamisha kwenye ngazi. Akasema kuna fedha za jeshi zinakuja, akaniuliza kama Golnaz namjua vizuri. Nilijibu kwamba namjua vizuri sana. Lakini kabla ya kujibu nilinyamaza kidogo. Nilikuwa nafikiria kodi ya nyumba, na Tianyi, na gereji ya Longmont. Mkuu wa idara alikisikia kile kimya changu. Nilimwona akikisikia.

Jana wageni wa jeshi walikuja kutembelea maabara, na Golnaz hakuitwa. Alikaa maktaba. Aliponiona akaniuliza kama amekosea kitu.

Nilikwenda ofisini kwa mkuu, nikaambiwa amesafiri mpaka Jumatatu. Nimemwambia Golnaz tutakwenda wote wawili, na kwamba nitaongea mimi, na kwamba kimya kile kilikuwa changu. Hakuelewa neno hili la mwisho. Nitamweleza njiani.

Gao Shulin